Sura ya Saba: Ngoma na Nyumba Yake

Kijana aliyepiga dramu katika wimbo ule alikaa nyuma yangu, akausikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Spika ziliponyamaza akauliza kwa upole, "Kaka, hapa anapiga nani?"

Nilikuwa nimeufanyia kazi wimbo huo siku mbili. Dramu zilirekodiwa katika chumba cha mita tatu kwa nne, dari fupi, zulia chini, magodoro yameegemezwa ukutani ili majirani wasisumbuke. Sneya ililia kama mtu anayegonga boksi la viatu. Basi nikafungua programu ya sampuli, nikachagua sneya iliyorekodiwa katika studio kubwa ya ng'ambo, nikaipandikiza juu ya kila pigo la yule kijana na kulizima la kwake. Sauti ilinenepa kweli. Lakini yale mapigo madogo anayoyapitisha kati ya pigo kubwa na jingine, yanayoufanya mdundo wake utembee, programu iliyahesabu kuwa kelele ikayatupa. Na yale makubwa yote yalikuwa na uzito mmoja, moja baada ya jingine, kama sindano ya cherehani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mkono wake haukuwamo.

Ilinichukua muda kuelewa kosa lilikuwa wapi. Kuna mafundi wanaoamini kosa ni sampuli yenyewe, kwamba kuitumia ni udanganyifu. Sikubaliani nao. Mimi nilikosea kutambua kilichopungua. Sneya ya kijana ilikuwa nzima, ngozi mpya, imekazwa vizuri. Kilichopungua ni nyumba.

Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Ngoma ni chombo, na ngoma ni shughuli nzima: uwanja, watu, vumbi, usiku. Hakuna anayeisikia ngozi peke yake. Unaposikia dramu iliyorekodiwa ikakufanya utikise kichwa, sehemu kubwa ya unachokisifu ni kuta, sakafu na dari zilizolirudisha lile pigo sikioni mwako likiwa limechelewa kidogo. Maiki iliyobanwa sentimita tano kutoka kwenye ngozi haizijui kuta hizo. Inajua kishindo cha kwanza tu. Kazi ya kuchanganya dramu ni kukirudishia kishindo hicho makazi yake, na sampuli ni mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Nitaeleza kwa nini naiona kuwa njia nzuri mradi ipewe kazi inayoifaa.

Tuanze na ngazi moja huko Hampshire, Uingereza. Headley Grange ni jumba lililojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini. Majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971 kundi la Led Zeppelin lilikuwa likirekodi humo, huku mitambo ikiwa ndani ya gari la studio la Rolling Stones lililoegeshwa nje. Seti ya dramu ya John Bonham iliwekwa ukumbini, chini ya ngazi zinazopanda ghorofani. Fundi Andy Johns akatundika maiki mbili za Beyerdynamic M160 juu huko kwenye ngazi, mbali na mpigaji, kisha akaibana sauti yake kwa kompresa kwa nguvu. Hicho ndicho kishindo kinachofungua "When the Levee Breaks", wimbo uliotoka Novemba 1971. Miaka 15 baadaye Beastie Boys walikikata kishindo hicho na kukifanya msingi wa wimbo wao "Rhymin & Stealin", na wengi wengine wakafuata. Fikiria walichokikata. Walichukua ukumbi mzima pamoja na ngazi zake.

Kwa nini basi kila mtu asitundike maiki mbili ngazini akaenda zake? Jibu liko kwenye matoazi. Hapa ndipo kitovu cha sura hii kilipo, na naomba msomaji anivumilie.

Kompresa hushusha kilicho juu, na ukiinyanyua sauti tena, kilichokuwa chini hupanda. Katika maiki ya chumba, kilicho chini ni mwangwi, nao ndio tunaoutaka. Lakini toazi nalo hulia kwa muda mrefu. Piga sneya na toazi kwa pamoja, kisha ibane maiki ya chumba: sneya inazama, toazi linapanda na kufunika kila kitu kama mvua juu ya bati. Bonham alijua kujipima mwenyewe, mkono mzito kwenye ngoma na mwepesi kwenye matoazi, na ukumbi wake ulikuwa na kimo. Wapigaji wengi hawako hivyo. Wengi hupiga matoazi kwa bidii kuliko ngoma zenyewe, na katika chumba chenye dari fupi toazi hugonga dari na kurudi chini kabla sneya haijamaliza kusema.

Angalia sasa kilichotokea London mwaka 1979, katika chumba cha mawe cha studio ya Townhouse. Peter Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 1980, na alikuwa ametoa amri moja: hakuna matoazi. Phil Collins alipokuwa akipiga, fundi Hugh Padgham alifungua ile maiki ya juu iliyowekwa kwa ajili ya wanamuziki kuzungumza na chumba cha mitambo. Maiki hiyo ilipitia kompresa kali ndani ya mikisa ya SSL. Kishindo kilichotoka kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Wakakiongezea geti, kifaa kinachoufunga mlango sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani, na mwangwi ule mpana ukawa unakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Unausikia katika "Intruder", wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, na mwaka 1981 Collins aliuchukua kwenda nao katika "In the Air Tonight". Vitabu vingi huisimulia hadithi hii kama ajali ya bahati. Mimi naona bahati hiyo ilitayarishiwa njia na ile amri. Pangekuwa na matoazi, geti lisingejua lifunge wakati gani, na kompresa ingeinua mvua ya shaba tupu.

Kwa hiyo kila fundi wa dramu anabeba swali lilelile. Nitaipataje nyumba bila matoazi?

Sampuli ilizaliwa kwa haja nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Roger Nichols, fundi wa Steely Dan, aliunda kompyuta aliyoiita Wendel ili kupata mdundo ulionyooka kama wakubwa wake walivyoutaka, na ikatumika katika albamu *Gaucho* ya mwaka 1980. Muda si mrefu mafundi wakagundua kwamba mashine ya kuchelewesha sauti ya AMS ingeweza kushika pigo moja la sneya na kulitema tena kila ilipoguswa na pigo jingine. Miaka ya 1980 ikajaa sneya za namna hiyo, na nyingi zimezeeka vibaya. Sitaki kukaa hapo.

Nataka kukaa mwaka 1991. Nirvana walirekodi *Nevermind* katika studio ya Sound City, Van Nuys, jimbo la California, mtayarishaji akiwa Butch Vig na Dave Grohl akiwa kwenye dramu. Chumba cha Sound City kilikuwa kikubwa, kisicho na urembo wowote, na kilisifika kwa jambo moja, nalo ni dramu. Kanda zikapelekwa kwa Andy Wallace azichanganye. Wallace alitumia sampuli, na watu wakisikia hivyo hudhani alimfuta Grohl. Hakumfuta. Sneya ya Grohl ilibaki pale mbele, na mapigo yake madogo yalibaki. Sampuli alizitumia zaidi kulisha mwangwi. Pigo la Grohl liliiamsha sampuli, sampuli ikapelekwa kwenye mashine ya mwangwi, na kilichorudi kikawekwa nyuma ya sneya halisi kama ukuta.

Ubora wa mbinu hii ni kwamba sampuli haina matoazi. Maiki ya sneya husikia kila kitu, haihati hasa, kwa kuwa iko kiganja kimoja tu kutoka hapo. Ukiipeleka maiki hiyo kwenye mwangwi, unazipeleka pia haihati na matoazi yote, na wimbo unajaa ukungu. Ukipeleka sampuli, kinachoingia mlangoni ni sneya tupu. Nyumba unaipata, matoazi yanabaki nje, na msikilizaji anaendelea kuusikia mkono wa mpigaji, kwa sababu sampuli yenyewe haisikiki. Kinachosikika ni kivuli chake.

Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alisema baadaye kwamba albamu hiyo ilisafishwa mno kwa bendi ya punk. Kwa hiyo Februari 1993 walikwenda studio ya Pachyderm, huko Minnesota, na Steve Albini, mtu asiyetaka kusikia habari za kumpandikizia mpigaji sauti ya ngoma nyingine. Albini aliizungushia seti ya Grohl maiki nyingi, za karibu na za mbali, na kwa nyimbo mbili za kasi walihamisha dramu jikoni kwa ajili ya mwangwi wake. *In Utero* ni matokeo ya kazi hiyo. Mpigaji ni yuleyule, mikono ni ileile, miaka miwili haijatimia, na dramu ni tofauti kama mtu aliyehama mkoa.

Mimi nazipenda zote mbili. Nikilazimishwa kuchagua nitachukua *In Utero*, kwa sababu nyumba yake inaaminika kila sekunde. Lakini yule mwenye chumba cha mita tatu kwa nne hana Pachyderm, na kumwambia arekodi kama Albini ni kumwambia mwenye njaa ale vizuri. Njia ya Wallace ndiyo iliyo karibu naye. Basi tuingie kazini.

Kwanza, wakati. Katika joto la nyuzi 30, kama Dar es Salaam mchana, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, yaani mita moja kwa takriban milisekunde 3. Uzito wa sneya nyingi uko jirani na Hz 200, na wimbi moja la Hz 200 huchukua milisekunde 5. Sampuli ikichelewa nusu ya hapo, milisekunde 2.5 tu, basi wimbi la sneya halisi linapopanda, la sampuli linashuka, na yanakulana. Unaongeza sauti ya pili na sneya inakonda. Nimewaona vijana wakiongeza sampuli ya tatu kuponya ukondefu ulioletwa na ya pili.

Kwa hiyo, kama sampuli itasikika pamoja na sneya yenyewe, usiamini programu moja kwa moja. Kuza picha ya wimbi hadi pigo moja lijaze kioo. Sneya ya maiki ya karibu iweke juu, sampuli chini yake. Tazama mlima wa kwanza wa kila moja: je, yote miwili inaelekea juu? Kama mmoja unaelekea chini, bonyeza kitufe cha kugeuza fezi. Kisha isogeze sampuli mpaka vilima vilingane. Funga macho, sikiliza kwa spika moja tu, bonyeza tena kitufe cha fezi na urudishe. Mahali panapokupa kifua kizito ndipo penyewe, hata kama macho yanasema vingine. Fanya hivyo kwa pigo la mwanzo wa wimbo, la katikati na la mwisho, kwa kuwa programu hushtuka mapema kwa pigo zito na kuchelewa kwa pigo jepesi.

Sampuli inayolisha mwangwi peke yake haina masharti makali hivyo. Hiyo unaweza hata kuichelewesha kwa makusudi. Katika ukumbi, ukuta ulio mbali hurudisha sauti baada ya muda, na sikio husoma muda huo kuwa ukubwa wa nyumba. Milisekunde 10 hadi 20 kabla mwangwi haujaanza hutosha kulisogeza pigo mbele na kukisukuma chumba nyuma. Albini mwenyewe alikuwa na desturi ya kuzichelewesha maiki zake za chumba kwa kiasi cha namna hiyo.

Urefu wa mwangwi uulize wimbo. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na sneya inayolia kwenye la pili na la nne hukutana na mwenzake kila baada ya sekunde moja. Mwangwi unaozima kabla ya hapo huuacha mdundo upumue. Ukivuka, sneya ya pili huzaliwa ndani ya moshi wa ya kwanza. Punguza chini ya Hz 200 ili usishindane na besi, na punguza ukali wa juu pia, kwa kuwa kuta za kweli hunyonya ukali. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, ipe chumba kidogo sana au usiipe kabisa. Wimbo mmoja kwa mia utakudai zaidi ya hapo.

Kuna mtego mwingine usiosemwa sana. Sampuli nyingi zinazouzwa zimekuja na nyumba zao. Ukiweka sneya iliyorekodiwa katika ukumbi wa Los Angeles juu ya tomu zilizorekodiwa kwenye chumba cha magodoro, kisha ukanyunyizia mwangwi wa kanisa, mpigaji wako amekaa katika nyumba tatu kwa wakati mmoja. Msikilizaji hatajua kulieleza, lakini hataamini. Chagua sampuli kavu, halafu sneya, tomu na kiki uziingize zote katika chumba kimoja.

Na chumba hicho si lazima kiwe programu. Mwaka 1947, Chicago, Bill Putnam alikitumia choo cha studio yake kama chumba cha mwangwi katika rekodi ya The Harmonicats, "Peg o' My Heart". Alipeleka sauti ndani kwa spika na kuichukua tena kwa maiki. Sioni nchi iliyojaliwa vyumba vya namna hiyo kuliko yetu. Tuna ngazi za saruji, vyoo vya vigae, korido za shule zisizo na kitambaa hata kimoja, makanisa yenye dari ndefu ambayo siku ya Jumanne yamefungwa na mlinzi anakujua. Mimi hubeba spika moja, maiki mbili na kompyuta. Spika naiweka ikitazama ukuta, si ikizitazama maiki. Maiki naziweka mita tano au sita kutoka hapo, moja kila upande. Halafu nazipiga sampuli za sneya na tomu za wimbo mzima, na ukumbi unaitikia. Dakika nne za wimbo, dakika nne za kurekodi. Kinachorudi ni maiki za chumba ambazo hazijawahi kusikia toazi. Hizo unaweza kuzibana kwa kompresa mpaka zilie, kama Padgham alivyofanya, na hakuna mvua itakayonyesha.

Kuhusu kiasi, nina kipimo kimoja tu. Pandisha feda ya chumba mpaka uisikie wazi, kisha ishushe mpaka usiwe na hakika kama ipo. Zima. Kama dramu zimeanguka na kuwa ndogo, rudisha ulipoacha na uondoe mkono.

Wimbo wa yule kijana niliufanya upya kwa njia hii. Sneya yake niliirudisha yote, na mapigo madogo yakarudi nayo. Sampuli niliipeleka ukumbini ikarudi kama ukuta nyuma yake. Chini ya pigo halisi niliacha sampuli kidogo kwa ajili ya uzito, nikiwa nimegawa mapigo katika ngazi nne za nguvu ili jepesi lijibiwe na jepesi. Alisikiliza, akaanza kupiga magoti yake kwa vidole katikati ya ubeti wa pili. Hakuuliza swali.

Lakini sampuli niliyoitumia ilikuwa bado ya ngoma ya mtu mwingine, na hilo lilinifunza jambo ninaloling'ang'ania hadi leo kuliko mengine yote ya sura hii. Sampuli bora kwa sneya yoyote ni sneya hiyohiyo. Ngozi ileile, mkazo uleule, fimbo zilezile, mkono uleule, bila toazi kulia pembeni. Hainunuliwi popote, na inapatikana siku moja tu, siku ya kurekodi, kabla vyombo havijafungwa.

Kwa hiyo mpigaji akimaliza wimbo wa mwisho, usizime maiki. Mwombe dakika kumi. Apige sneya peke yake mara 15, kuanzia pigo la kunong'ona hadi zito kabisa, akisubiri kila pigo life lenyewe kabla ya kupiga lingine. Afanye hivyo kwa kila tomu na kwa kiki. Wote wanyamaze, feni izimwe, simu zikae nje. Yahifadhi mapigo hayo katika faili moja na wimbo, uliandike jina lake na tarehe, ndipo umsaidie kubeba ngoma hadi kwenye gari.